Aliyemwita Kipa

Mwigobero, Musoma
20 Mei 2025

Mama Jenipher,

Tangu juzi nakupigia, na simu inaita humu humu ndani. Leo asubuhi ndipo nimeikuta juu ya kabati, umeifunika na kitambaa chako cha kanisani. Kwa hiyo umeondoka na mtoto, umeondoka na masufuria mawili, simu umeiacha makusudi ili nisikupate. Sawa. Nimenunua bahasha. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenyekiti wa tawi la mashabiki, nanunua bahasha kama mwanafunzi wa bweni huku mwenye duka ananicheka.

Mke haachi nyumba yake kwa ajili ya mpira. Nakuandikia hivi kwa upole, maana ungekuwa mbele yangu ningesema vibaya zaidi.

Tumewafunga Nyasho Rangers moja bila. Mwigobero Stars tumepanda daraja. Unajua maana yake? Miaka kumi na moja watu wa Nyasho wanapita mwaloni kwetu tunaposhushia samaki wameziba pua, wanatuita wanuka dagaa, na dagaa hizo hizo wanakuja kununua. Jumapili, dakika ya themanini na nane, tukapata penalti, Gody akaiweka wavuni, na mji mzima ukajua nani mwenye mji. Ulitaka watu wa tawi waende kucheza ngoma wapi, kanisani? Wamekuja kwa mwenyekiti wao.

Ndiyo, najua kipa wa Rangers ni mdogo wako. Sikumtuma mimi kwenda kudakia Rangers. Miaka mitatu amekula ugali wangu akiwa kipa wao, amelala kwangu siku za mvua, na hakuna hata siku moja niliyomwambia acha. Leo amefungwa bao, basi mimi ndiye mbaya?

Jumapili ijayo nataka nikukute hapa. Watu wameanza kuuliza, na mimi si mtu wa kuulizwaulizwa.

Mumeo,
Mseti


Nyamuswa
23 Mei 2025

Baba Jenipher,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza kama Faustine mzima. Sikupaona.

Nikukumbushe, maana siku ile ulikuwa umelewa ushindi. Faustine aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amepasuliwa juu ya jicho kwa jiwe. Si jiwe lenu. Jiwe la watu wake mwenyewe wa Rangers, ambao asubuhi yake walikuwa wanamwita simba. Mimi nilikuwa namwosha damu kwenye beseni la kunawia mikono. Ndipo ukaja na ngoma, na watu arobaini, na wimbo wa kwamba kipa wao kapofuka. Ukacheza mbele ya dirisha la chumba chetu. Na ukaniona, Mseti. Nilisimama dirishani na beseni mkononi, ukaniona, ukaendelea kucheza. Usiniandikie tena habari za mke kuacha nyumba. Ulinitoa wewe kwa ile ngoma.

Sasa sikiliza, maana sikuandikii kwa ajili ya kurudi. Rangers wanasema Faustine ameuza mechi. Wanasema kabla Gody hajapiga penalti, kipa aligeuza uso akatazama jukwaa lenu, na mpira ukapita polepole kama unakwenda dukani. Wanasema ngoma zenu zilinyamaza wakati ule, nyinyi ambao hamnyamazi hata wimbo wa taifa ukiimbwa, na kwamba ile ndiyo ilikuwa ishara. Na kwa kuwa shemeji yake ni mwenyekiti wa tawi la Stars, wanaona hesabu imekamilika. Mzee Alfonce, mwenyekiti wa Rangers, ameitisha kamati tarehe 14 Juni. Wakimtia hatiani hachezi tena mpira mkoa huu. Ana miaka ishirini na mbili na hana kazi nyingine anayoijua.

Tumemficha Bunda kwa baba mdogo Florian. Simu amezima, anatukanwa humo usiku na mchana. Hali chakula. Nimemuuliza kwa nini aligeuka, hajibu.

Nenda kwa kamati. Sema hamkumpa kitu. Wewe ndiye uliyekuwa mbele ya lile jukwaa, na ukiongea wewe, adui yao, watasadiki kuliko akiongea dada mtu.

Na nitumie simu yangu. Sikuiacha kwa hiari, niliisahau kwa hasira. Ile sauti ya mama aliyonitumia kabla hajafa imo humo, na sina nyingine. Mpe dereva wa gari la Butiama, atampa bodaboda wa huku.

Esta


Mwigobero, Musoma
26 Mei 2025

Mama Jenipher,

Unataka mimi, Mseti, niingie ofisi ya Rangers kwa miguu yangu? Wataniambia nimekuja kumtetea niliyemnunua. Fikiri kidogo. Nikisema hatukumpa kitu, watauliza, nani alikuambia kuna kitu? Nikinyamaza, jambo litapoa. Mpira una siku zake. Mwezi wa saba watakuwa wanagombania usajili na hakuna atakayemkumbuka Faustine.

Tena sielewi kwa nini jambo hili linakuzwa. Kijana aligeuza shingo. Watu elfu tatu uwanjani, labda kuna mwanamke alikuwa anamwita Ghati wake. Akina Ghati katika mji huu ni mia, kila ukoo una wawili. Yeye, kwa kuwa nyumbani naye ni Ghati, akasikia, akageuka, basi. Kipa asiyejua kuziba masikio asidake penalti. Hilo nalo ni kosa la Mseti?

Simu yako ilianguka nilipokuwa naishusha kabatini, kioo kimepasuka. Ipo kwa fundi. Akimaliza nitaituma.

Nikuambie na mimi yangu. Nyumba imekaa kama ghala. Nakula kwa mama lishe wa mwaloni, ananiuliza kila siku mkeo yuko wapi, nami namwambia amekwenda kuuguza. Nimechoka kusema uongo kwa ajili yako. Rudi, tuyaongee haya tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu.

Mseti


Bunda
29 Mei 2025

Dada Esta, shikamoo.

Uliniuliza nikakunyamazia. Ukiwa mbele yangu sikuweza. Kwenye karatasi naweza, maana sikuoni unavyonitazama.

Nilimsikia mama.

Usiite mchungaji, baba mdogo ameshamwita, amekuja mara mbili. Sijachanganyikiwa. Gody aliweka mpira, mimi nikasimama kwenye mstari, na ngoma zote zikanyamaza. Nikashangaa kidogo. Ndipo nikamsikia mama ananiita kutoka kwenye watu. Si mtu anayefanana naye. Yeye. Akasema, “Ghati! Ghati ee! Mama, mbona kimya? Siku hizi hunipigiagi hata simu. Umenichoka?” Hivyo hivyo, na ule mkwaruzo wa kooni.

Dada, nikaitika. Nikasema “Abee mama,” kama alivyonizoesha tangu utoto, nikageuka nimtafute. Nilimtafuta kabisa, nilikuwa natazama kama amevaa ile kanga yake ya njano. Niliposikia kelele, mpira ulikuwa umeshaingia.

Unajua kwa nini sili. Wiki tano za mwisho za mama sikumpigia simu hata mara moja. Tulikuwa kambini, nilikuwa najisemea nitampigia tukishinda. Akafa mwezi wa pili akiwa hajanisikia. Sasa amekuja kuniuliza mwenyewe, mbele ya watu. Na shangazi Justina alikuja Bunda juzi, nilipomweleza akaweka kikombe chini. Akasema, “Marehemu akikuita huitikagi. Wewe umeitika, umekubali kumfuata.” Anataka nirudishwe Nyamuswa wakanisemee kaburini kabla mwezi haujaisha. Baba mdogo anasema hayo ni ya kishenzi, mchungaji anasema nina pepo, kamati inasema nina hela za Stars. Kila mtu ana jina lake la kunipa.

Mimi najua nilichosikia. Tarehe 14 nitakwenda, na wakiniuliza nitasema niliuza. Ni afadhali muuza mechi kuliko mwendawazimu. Muuza mechi angalau ataachwa akae peke yake.

Usimwambie shemeji. Atanitungia wimbo.

Mdogo wako,
Faustine


Nyamuswa
1 Juni 2025

Mseti,

Leo sikuiti baba wa mtu.

Katika barua yangu nilikuandikia kwamba Faustine aligeuka. Sikukuandikia kwamba aliitwa. Nilikuwa sijui mwenyewe. Wewe ukanijibu kuna mwanamke alikuwa anamwita Ghati. Nani alikuambia ameitwa? Nani alikuambia ni mwanamke?

Sasa Faustine ameniandikia alichokisikia, neno kwa neno. “Mama, mbona kimya? Siku hizi hunipigiagi hata simu. Umenichoka?” Maneno hayo duniani yapo mahali pamoja tu, ndani ya simu yangu. Mama aliazima simu ya jirani akanitumia mimi, kwa sababu Faustine alikuwa hapatikani. Nilikuwa nimsikilizishe Faustine jioni ile. Kesho yake mama akaanguka, na baada ya msiba sikuweza. Ningempaje mtoto aliyetoka kuzika mama lawama za mama? Nikaificha. Mtu mmoja tu niliyemsikilizisha ni wewe, usiku nilipokuwa nalia kitandani, kwa sababu nilidhani nimelala na mume.

Na nilikueleza pia kwa nini anaitwa Ghati, jina la bibi yetu mzaa baba. Kwamba alipozaliwa alilia siku tatu, hanyonyi, wazee wakawa wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na walipofika kwa Ghati akanyamaza. Kwamba mama alimwita “mama” maisha yake yote na hakumpiga hata kofi, maana angempigaje mama mkwe wake? Ulicheka, ukasema hayo ni mambo matamu. Kumbe ulikuwa unaokota mawe.

Umemfufua mama yangu ili ufunge bao. Sina neno la kukutukana, na unajua mimi huwa sikosi.

Faustine anakufa, unasikia? Hajala wiki mbili. Ameambiwa ameitikia wafu. Naye anajiandaa kwenda kwa kamati kukiri kosa asilolifanya, ili asiitwe kichaa. Wewe unakula kwa mama lishe.

Nataka simu yangu, kioo kizima au kibovu.

Esta


Mwigobero, Musoma
4 Juni 2025

Mama Jenipher,

Kioo hakijapasuka. Simu haijaenda kwa fundi. Nakutumia pamoja na barua hii, lakini usifungue ukitafuta sauti. Nimeifuta.

Subiri, soma kwanza.

Wiki ile ya mechi watu wa tawi walikuwa wanachangishana, kamati ya ufundi ilitaka kwenda kwa mganga wa ng’ambo ya ziwa. Unanijua, mimi siamini kuku wa kuzikwa golini. Nikasimama kwenye kikao nikasema, fedha zenu nunueni jezi, kipa wa Rangers niachieni mimi, namjua anavyopumua. Wakanipigia makofi. Nilipenda yale makofi, nakwambia ukweli. Nikachukua simu yako ukiwa unaoga, nikajitumia ile sauti, nikampa Clever, yule kijana wa tawini, aiweke kwenye kadi ya spika yake kubwa. Nikawaambia wapiga ngoma, nikiinua kofia mnanyamaza.

Nilidhani atashtuka nusu sekunde. Nusu sekunde tu, Esta! Timu zote zinafanya. Rangers mwaka juzi walimwaga chumvi kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, wakatuvunjia mayai mlangoni, hakuna aliyelia. Sikujua kwamba ataitika. Mimi nilikuwa karibu, niliona mdomo wake unasema “abee.” Watu wa kwetu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Mpira ulipoingia Clever akazima.

Usiku ule walipoanza kusema ishara, ishara, nikaogopa. Nikaifuta kwangu, na nilipoikuta simu yako kabatini nikaifuta na kwako. Sikufikiri kwamba ni mama. Nilifikiri ni ushahidi. Imebaki moja, kwenye kadi ya spika ya Clever, naye amekataa kuitoa. Anasema ikijulikana, Rangers watakata rufaa, tutanyang’anywa daraja, na vijana watachoma spika yake na nyumba yake.

Sasa unanisukuma wapi? Nikiongea, mimi kwa Mwigobero nimekwisha. Hawa ndio wanaonisaidia kushusha boti, ndio wanaonunua samaki wangu, ndio watakaonizika. Nisipoongea, wewe huji. Nimekaa na kalamu hii tangu saa kumi na mbili na sioni pa kutokea.

Mseti


Nyamuswa
7 Juni 2025

Mseti,

Umeifuta.

Niliposoma hapo niliweka barua chini nikaenda kuchota maji, nikarudi na ndoo tupu. Shangazi akaniuliza kisima kimekauka? Nikamwambia sijui.

Miezi mitatu kila nikisahau sauti yake nilikuwa nafungua simu. Wewe uliyajua hayo. Kidole chako kilipita juu ya sauti yake ukabonyeza.

Huoni pa kutokea? Nitakuonyesha. Tarehe 14, saa nne asubuhi, ofisi ya Rangers, nyuma ya stendi ya zamani. Faustine atakuwa ndani akiwaambia ameuza mechi. Wewe utaingia na kile kidubwasha cha Clever. Utakipata vipi, si shida yangu. Ulipotaka sauti ya mama uliipata bila kuombewa ruhusa. Utawaambia kwa mdomo wako, kisha utawasikilizisha, kwa sababu mdomo wako peke yake siku hizi hautoshi.

Hujaulizwa kama unapenda.

Unaniandikia kwamba Mwigobero ndio watakaokuzika. Faustine ana wa kumzika tayari. Shangazi Justina ameshauliza mbuzi wa kuchinja atatoka zizi gani.

Esta


Mwigobero, Musoma
15 Juni 2025

Mama Jenipher,

Nilikwenda.

Clever nilimkamata shati mwaloni mbele ya watu, sitaki kusema tulivyofanyana, jino moja linacheza. Kadi nikaitoa mwenyewe. Nikapanda bajaji na spika ya kuazima mapajani, nimejikunyata kama mwizi wa kuku.

Nilipoingia Faustine alikuwa amesimama mbele ya meza. Esta, sikumjua. Jezi inaning’inia kama imetundikwa msumarini. Alikuwa ameshasema niliuza, Mzee Alfonce anamuuliza uliuza kwa shilingi ngapi, naye anatafuta kichwani kiasi cha kutaja, hajui hata mechi inauzwaje. Wakaniona. Vijana wa mlangoni wakanishika shingo. Mzee Alfonce akasema, “Mwacheni. Adui haji kwako saa nne ya mchana bila neno.”

Nikasema. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, lakini nilisema yote, simu, kofia, ngoma, Clever. Hawakuamini. Mmoja akasema nimetunga na shemeji yangu. Ndipo nikawasha.

Sijui nikuandikieje. Mama yako aliita, na wale wazee tisa wakaacha kutafuna mirungi. Faustine alishika ukingo wa meza. Yale maneno ya kwanza yakapita, “umenichoka,” na hapo ndipo Clever alizima siku ile. Mkono wangu ukaenda kuzima. Faustine akasema, “Shemeji, acha iishe.” Ikaendelea. Unaijua inavyoendelea. “Haya, kama una kazi fanya kazi, mama. Mimi niko tu. Nimekuwekea karanga.”

Akakaa chini sakafuni. Hakulia. Aliuliza, “Kuna maji?” Wakampa, akanywa, akauliza tena kama kuna mkate. Alikula mkate mzima bila chai, watu wazima tumesimama tunamtazama.

Mzee Alfonce akavua miwani. Akasema, “Mpira nauangaliaga tangu viatu vya mbao. Mchawi namjua, mla rushwa namjua. Huyu sijui nimwite nani.” Alikuwa ananionyesha mimi. Faustine wamemwachia, watabandika barua ya kumsafisha jina kwenye mbao za Nyasho yote. Daraja letu hawawezi kulichukua, sheria za mpira hazina kifungu cha spika.

Lakini mwaloni wameshapata habari. Jana jioni wamenivua uenyekiti, Clever ndiye mwenyekiti. Ngoma niliyoinunua mimi wameichukua. Asubuhi nimeshusha sangara kumi na wanne, hakuna aliyeuliza bei. Nimewauzia watu wa Nyasho, nao walinunua wameziba pua.

Kadi imo humu, nimeifunga kwenye pamba. Nimefanya ulivyotaka. Sasa rudi.

Mseti


Nyamuswa
19 Juni 2025

Baba Jenipher,

Kadi imefika. Tuliazima redio ya jirani, tukakaa watu saba uani tukasikiliza. Shangazi Justina alitaka kusikia mara tatu, kisha akasema mbuzi arudi zizini, huyu hakuitwa na kaburi, aliitwa na spika. Faustine anakula. Amekula karanga zote za shangazi, za mbegu na zisizo za mbegu.

Ulichofanya tarehe 14 kilikuwa kizuri, nakiandika ili usiseme sikukiona. Lakini umeandika “nimefanya ulivyotaka, sasa rudi,” kama mtu aliyelipia nauli anadai kiti. Sikuwa nauza kurudi kwangu. Nilikuwa naokoa mtoto wa mama.

Na mimi nina langu. Ningemsikilizisha Faustine ile sauti mpaka mwisho siku ile ile, angejua kwamba mama hakuwa na kinyongo, na wewe usingekuwa na kitu cha kuiba. Nilimhurumia vibaya. Nimemwomba msamaha. Ameniambia hana hasira nami, ila aliniambia akitazama pembeni.

Nitarudi siku nitakapoweza kusikia ngoma bila kutaka kuitoboa. Sijui ni lini. Jenipher nimemwandikisha shule ya hapa kwa muhula huu.

Esta


Nyamuswa
11 Agosti 2025

Shemeji, shikamoo.

Natumaini samaki wanauzika. Nimesikia umehamia kuuzia Bunda siku za soko. Dada yuko hapa, analima viazi, mzima. Hajaniuliza kama arudi, nami sijamwambia lolote. Hii ni barua yangu mwenyewe.

Najua hukuja uwanjani Nanenane, kwenye mechi ya kirafiki ya Stars na sisi, kwa hiyo nikueleze. Nilianza golini. Mzee Alfonce alinishika mkono mpaka kwenye mstari, watu wa Rangers wakapiga makofi, wengine wale wale wa mawe. Nikaona leo mambo yameisha.

Kipindi cha pili nikahamia lango la upande wenu. Clever akainua kofia. Ngoma zikanyamaza. Halafu jukwaa zima, wanaume, wanawake, bodaboda, wauza karanga, wakaita kwa pamoja, “Ghati ee! Mama! Mbona kimya?” Wameshaifanya wimbo, ina na kiitikio. Wanaiga mpaka mkwaruzo. Ulipowaambia wazee wa kamati ukweli, ukweli haukukaa ndani ya kile chumba, shemeji. Ulitoka ukafika mwaloni, na mwaloni wakapata kitu cha kuimba miaka ishirini.

Nilikasirika mpaka macho yakaona giza. Nilitaka kutoka golini nikapande lile jukwaa, nimkamate mmoja yeyote. Wakati huo Gody alikuwa anakuja na mpira peke yake. Wakaita tena. Nikasikia jina, nikautazama mpira. Nikaruka, nikautoa juu ya mwamba. Dakika kumi baadaye nikautoa mwingine. Tumetoka bila kufungana, watu wa Nyasho wamenibeba mabegani mpaka stendi, wakisema sasa nimekuwa kipa wa kweli, siwezi tena kuchezewa akili. Nililia njia nzima. Wakadhani ni furaha, wakaninunulia soda.

Nimekusamehe yale ya penalti. Nakuandikia ili ujue kwamba nimekusamehe hilo, na ujue pia kwamba si hilo.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni nafunga kamba za viatu niende mazoezini. Shangazi Justina alikuwa jikoni, akaniita, uji ulikuwa tayari. Akaniita kwa jina hilo la bibi, na “mama” mbele yake, kama mama alivyokuwa anaita. Nikasikia jina, nikaendelea kufunga kamba, kama pale golini. Akaita tena, nikafunga kiatu cha pili. Mara ya tatu alikuja mwenyewe na kikombe mkononi, akanigusa bega, akaniuliza kama ninaumwa masikio.

Mimi shemeji yako,
Faustine